MATAIFA YASHINDANIA RELI: MFANYA KAZI AKAE WAPI?

Siku hizi mtu hawezi kufungua redio bila kusikia habari za mashindano ya mataifa makubwa. Marekani imeongeza kodi, China imejibu, Ulaya imenung'unika, na kila mmoja anasema kwamba ushirikiano wa mataifa umeharibika na sharti utengenezwe upya. Wakubwa hukutana New York, hukutana Washington, mwaka 2025 wakakutana Sevilla kule Hispania, na kila mkutano ukiisha hutoka karatasi ndefu. Wengi wetu katika karakana na stesheni husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tutazame mshahara na nyumba." Sisi twasema ni mambo yetu, tena yalikuwa yetu kabla hatujazaliwa, kwa maana hapa Kenya ni vigumu kupata kitu kilichozaliwa na mashindano ya mataifa kama reli hii tunayoitumikia.

Kumbukeni jinsi ilivyoanza. Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, na mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakapatana juu ya mipaka ya huku kwetu. Wajerumani walianza reli yao Tanga mwaka 1893. Waingereza nao waliogopa kwamba atakayeishika Uganda ataishika chemchemi ya Mto Nile, na atakayeishika chemchemi ataibana Misri. Basi mwaka 1896 wakaanza kutandika reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika ziwani, pale tunapopaita Kisumu. Hayo yalikuwa mashindano. Lakini mwaka ule ule wa 1890 mataifa 17 yalitia saini mkataba huko Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, na katika mkataba huo reli ilitajwa kuwa dawa mojawapo, kwa kuwa gari la moshi likibeba mizigo hapatakuwa na haja ya kuwabebesha watu vichwani. Neno hilo lilikuwa jema, hatulikatai. Hivyo reli yetu ina baba na mama, mashindano na ushirikiano, na wote wawili walitia saini zao kwa wino. Waliotandika mataruma hawakuulizwa. Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa homa, kwa kuhara, kwa ajali, na wachache kwa wale simba wa Tsavo ambao wageni hupenda kuwasimulia kuliko homa.

Tena mwaka huo wa 1896, wakati taruma la kwanza lilipolazwa Mombasa, mabaharia na wapakuzi wa meli walikutana London wakaunda shirikisho lao, ambalo sasa ndilo Shirikisho la Kimataifa la Wafanya Kazi wa Uchukuzi. Hawakujua habari zetu, wala wazee wetu hawakujua habari zao. Twalitaja kwa sababu watu husema chama cha wafanya kazi kilikuja nyuma ya reli kama behewa la mwisho. Si kweli, umri wao ni mmoja.

Sasa tuje kwenye mashindano ya leo, maana yamerudi palepale penye reli.

Tazameni shaba ya Zambia na ya Kongo. Kuna reli mbili za kuifikisha baharini. Ya magharibi ni ile ya Benguela, kilomita kama 1,300 kutoka bandari ya Lobito nchini Angola mpaka Luau, penye mpaka wa Kongo. Vita viliiharibu, Wachina wakaitengeneza upya, lakini mwaka 2022 ilikodishwa kwa kampuni za Ulaya kwa miaka 30, na mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya wakasema watasaidia kuifikisha Zambia. Desemba 2024 Rais Biden mwenyewe alikwenda Angola na kufika Lobito. Ya mashariki ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Septemba 2024 marais wa Tanzania na Zambia walikuwa Beijing wakishuhudia makubaliano ya China kuifufua. Basi shaba ile ile ina wachumba wawili, mmoja mlango wa mbele na mmoja mlango wa nyuma, na kila mmoja ameleta reli kuwa mahari.

Wako wanaosikia hivyo wakaanza kulia juu ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo. Sisi methali hiyo hatuipendi sana katika mambo ya chama. Nyasi hazina mdomo, sisi tunao. Tena si kweli kwamba mashindano hutuumiza siku zote. Katika miaka ya 1960 Nyerere na Kaunda waliomba reli kwa Benki ya Dunia na kwa nchi za Magharibi, wakaambiwa haitalipa. China ikakubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba, na reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Tanzania na Zambia. Marekani nayo, iliyokuwa imesema hakuna haja ya reli, ikasaidia kujenga barabara ya lami njia ile ile. Mwenye samaki mmoja na wanunuzi wawili hana haraka ya kushusha bei. Zambia ilipata reli na barabara kwa sababu wakubwa walikuwa wanatazamana kwa jicho baya.

Lakini ulizeni yaliyowapata wafanya kazi wa TAZARA baada ya hapo. Katika miaka ya 2010 waligoma mara kadhaa, si kwa kudai nyongeza, bali kwa kudai mishahara ya miezi waliyokwisha kuifanyia kazi. Urafiki wa mataifa uliandikwa vizuri, pesa ya kujenga ikapatikana, mnara wa ukumbusho ukawekwa. Ahadi kwa mwenye kukaza parafujo za reli wakati wa mvua haikuandikwa mahali popote ambapo mtu angeweza kuishika na kusema, "Hii hapa."

Hapo ndipo penye neno letu, ndugu. Shida yetu si kwamba mataifa yanashindana, wala si kwamba yanashirikiana. Shida ni kwamba mkataba huandikwa mfanya kazi akiwa nje, kisha huletewa yeye autimize.

Tuchukue reli yetu mpya. Mwaka 2014 mikopo ilitiwa saini na Benki ya Exim ya China. Reli ya Mombasa mpaka Nairobi, kilomita 472, iligharimu Sh. bilioni 327, na katika kila shilingi 10 shilingi 9 zilikuwa za mkopo. Ilifunguliwa siku ya mwisho ya Mei 2017. Mwaka 2019 ikafika Naivasha, na hapo ikasimama zaidi ya miaka mitano, mzigo ukihamishiwa reli ya mita moja ya wazee wetu ili uendelee Malaba. Hatusemi reli hiyo ni mbaya. Mwenye kuendesha injini ya kilima cha Mazeras katika siku zake mbaya anajua tofauti ya njia iliyonyoshwa na njia iliyopindwa. Abiria wameipenda, na vijana wetu wengi wamepata kazi na ujuzi. Tunayosema ni juu ya karatasi.

Karatasi za mikopo hiyo zilifichwa miaka minane. Wabunge waliziomba, magazeti yaliziomba, wananchi wakaenda mahakamani. Ni Novemba 2022 ndipo Waziri wa Uchukuzi alipotoa sehemu yake, tukasoma mambo mawili: kwamba masharti yalipaswa kuwa siri, na kwamba wakigombana mkopeshaji na mkopaji, shauri litaamuliwa Beijing. Fikirini mtu amekopa duka la mjini, na imeandikwa kwamba mzozo ukitokea mwamuzi ni shemeji wa mwenye duka. Huenda shemeji ni mtu wa haki. Lakini nani angetia saini hivyo mchana, mbele ya mke wake?

Wakati huo huo kila mtu alikuwa amekwisha kuanza kulipa. Tangu 2013 kuna kodi ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa 1.5 kwa mia juu ya bei ya bidhaa ziingiazo kutoka nje. Mama aliyenunua sufuria sokoni amechangia reli asiyoijua bei yake. Oktoba 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba mikopo hiyo imegeuzwa kutoka dola kuwa pesa za China ili mzigo wa riba upungue. Vema, upungue. Tulisikia habari hiyo redioni kama watu wote.

Sasa kuna jambo moja katika karatasi hizo ambalo sharti tulieleze polepole, kwa sababu liliwagombanisha wafanya kazi kwa wafanya kazi. Ili mkopo ulipwe, Mamlaka ya Bandari iliahidi kwa mkataba kwamba kila mwaka itatoa mzigo wa kiasi fulani kwa reli mpya, na mzigo ukipungua italipa upungufu. Ahadi hiyo ilifanywa kabla reli haijajengwa. Reli ilipokuja, katika miaka ya 2018 na 2019, zikatoka amri kwamba makontena yaende kwa reli, na kukaguliwa kwake kukahamia Nairobi. Madereva wa malori wakakaa. Makarani wa kutoa mizigo, wapakuzi, mafundi wa gurudumu wa Mariakani, akina mama wenye hoteli za Mtito Andei ambako madereva walikuwa wakila usiku, wote wakaona mfuko unakauka. Watu wa Mombasa waliandamana mitaani. Septemba 2022 Rais mpya alipoapishwa, akarudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa.

Sisi ni watu wa reli. Kontena likiwa juu ya behewa ni mkate wetu, na twaamini kabisa kwamba mzigo mzito wa safari ndefu mahali pake ni reli, si barabara inayoua watu kila wiki. Lakini hatukupenda jinsi ilivyofanywa. Dereva wa lori aliambiwa kwamba reli imemnyang'anya kazi, nasi tukaambiwa kwamba malori yanatuharibia reli. Kumbe wote wawili tulikuwa tumefungwa na kifungu kimoja cha mkataba, na hakuna aliyekisoma. Kama chama cha madereva, chama cha bandari na chama cha reli vingaliitwa mwaka 2014, tungalisema mambo ya akili. Tungaliuliza madereva wa safari ndefu watafundishwa kazi gani, na ukaguzi ubaki wapi, na je, ahadi ya mzigo isipande kidogo kidogo badala ya kuanguka siku moja? Hayo si maswali ya kupindua serikali. Ni maswali ambayo nyapara wa gengi huuliza kabla ya kung'oa taruma moja.

Wengine watatuambia kwamba wa Magharibi ni afadhali. Wazee waliokuwa kazini hawatakubali upesi. Mwaka 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupewa mkopo wa Benki ya Dunia wenye masharti ya kurekebisha uchumi, na tangu hapo neno "kupunguza" liliingia kila ofisi ya serikali. Reli ilipokodishwa mwaka 2006 kwa miaka 25, pesa za benki hiyo zilisaidia kulipa gharama za kuwatoa watu kazini. Miaka 25 haikufika hata nusu, mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Waliotolewa hawakurudishwa. Mmoja hutaka siri na mwingine hutaka watu wapunguzwe, na wote wawili hupewa chai Ikulu. Katika Kitabu cha Mwanzo tulisomeshwa habari za Wamisri wakati wa njaa, jinsi walivyotoa fedha zao, kisha ng'ombe, kisha mashamba, mwisho miili yao wenyewe iwe ya Farao. Mwalimu wetu wa misheni alitueleza kwamba hayo yaonyesha hekima ya Yusufu. Tangu tulipoanza kukatwa mishahara kwa ajili ya madeni ya nchi, tumekuwa tukiwafikiria zaidi wale Wamisri.

Sasa twasikia kwamba ushirikiano wa mataifa utatengenezwa upya, na Afrika inadai viti. Madai hayo ni ya haki. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha zilianzishwa Bretton Woods, Marekani, mwezi wa Julai 1944, na nchi 44 zilikuwako. Za Afrika zilikuwa nne tu, Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Kenya ilikuwa koloni. Mpaka leo katika Shirika la Fedha Marekani peke yake ina kura kama 16.5 kwa mia, na mambo makubwa huhitaji kura 85 kwa mia. Fanyeni hesabu wenyewe: Marekani ikikataa, jambo limekufa. Biashara nayo ina mahakama yake Geneva, lakini tangu Desemba 2019 baraza lake la rufani halikuweza kusikiliza kesi, kwa sababu Marekani ilikataa waamuzi wapya wasiteuliwe. Kwa hiyo Aprili 2025, Marekani ilipotangaza kodi ya 10 kwa mia juu ya bidhaa za Kenya, hapakuwa na rufani ya kupeleka kokote. Na katika Baraza la Usalama viti vitano vya kudumu ni vile vile vya 1945, na hakuna cha Mwafrika.

Kidogo kimebadilika. Septemba 2023 Umoja wa Afrika ulikaribishwa kuwa mwanachama wa lile kundi la nchi 20. Novemba 2024 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipata kiti cha tatu katika baraza la Shirika la Fedha. Twafurahi. Lakini anayekaa katika kiti hicho ni nani? Aghalabu ni mtu wa wizara ya fedha au wa benki kuu. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaza barabara kukataa mswada wa kodi uliotungwa ili kutimiza mapatano na Shirika hilo la Fedha, na wengi wakauawa. Je, kiti cha tatu kingalikuwako siku hiyo, kingalisema maneno ya vijana au maneno ya wizara?

Hata mikataba yetu wenyewe ina kasoro hiyo. Mkataba wa soko huru la Afrika uliotiwa saini Kigali mwaka 2018 una itifaki za bidhaa, za huduma, za uwekezaji, za hakimiliki, hata ya mashindano ya biashara. Ya wafanya kazi haimo. Huo tuliuandika sisi Waafrika, hakuna mkoloni wa kulaumiwa.

Nasi si watu wa kulalamika bila kuonyesha mfano. Mfano uko, tena ni mzee kuliko Benki ya Dunia. Shirika la Kazi la Kimataifa lilianzishwa mwaka 1919. Katika mkutano wake mkuu kila nchi hupeleka wajumbe wanne, wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanya kazi, na kila mmoja ana kura yake. Mjumbe wa wafanya kazi wa Kenya anaweza kusimama mbele ya dunia nzima akapiga kura kinyume cha serikali yake, na akarudi nyumbani kwa ndege ile ile. Mwezi wa Mei 1944 shirika hilo lilikutana Philadelphia likatangaza kwamba kazi ya mtu si bidhaa ya kuuzwa. Miezi miwili baadaye, katika nchi ile ile, ndipo wakubwa wa fedha walipokutana Bretton Woods. Katika mkutano mmoja wafanya kazi walikuwa na viti, katika wa pili hawakuwa. Tazameni ni upi kati ya hiyo miwili uliopewa pesa.

Mwaka 1949 Geneva ilipitisha Mkataba Namba 94, usemao kwamba kandarasi za serikali ziwe na vifungu vya kulinda mishahara na saa za kazi, visiwe duni kuliko vile vya kazi kama hiyo mahali pale. Benki ya Dunia ilingoja mpaka Oktoba 2018 kuanza kutumia kanuni za kazi katika mikopo yake ya miradi. Kutoka 1944 mpaka 2018 ni miaka 74, zaidi ya muda wa kuajiriwa na kustaafu wa baba na mtoto.

Basi dai letu juu ya marekebisho hayo ni hili. Kila mkopo wa reli, bandari au barabara unaochukuliwa kwa jina la nchi, ukitoka Beijing, Washington, Brussels au Ankara, uwe wazi kabla ya saini, na mezani pawe na mjumbe wa wafanya kazi wa kazi hiyo, aliyechaguliwa na chama, mwenye haki ya kuandika vifungu vya kazi na kuuliza mzigo utatoka wapi. Afrika ikipata kiti Washington au New York, ikapiganie kanuni hiyo iwe ya wakopeshaji wote, ili asiwepo mmoja wa kusema, "Mwenzangu haulizwi hayo."

Twajua jibu litakalokuja: mkopeshaji atakimbia. Nani atakimbia wakati huu? Wanashindana mpaka marais wao wanapanda ndege kuja kutazama reli ya Lobito. Mwaka mwingine huenda wakapatana, au wakachoka nasi, na hapo hatutakuwa na la kuuza. Jibu la pili litakuwa kwamba Geneva haina nguvu, na wajumbe huenda kununua saa. Ni kweli kwamba Geneva haina askari. Ni kweli pia kwamba wamekuwako wajumbe waliopenda posho ya safari kuliko safari. Hao dawa yao ni kura zetu, si kukosa kiti.

Tena tusije tukanunuliwa sisi wenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 vyama vyetu vilikuwa mali ya kushindaniwa. Shirikisho la Tom Mboya lilisaidiwa na Brussels na vyama vya Marekani, wapinzani wake wakatazama Accra, Prague na shirikisho lililoundwa Casablanca mwaka 1961. Msaada ule ulifanya mema mengi, ulijenga nyumba, ulisomesha makatibu. Lakini wafanya kazi wa mahali pamoja walifikia kupigana kwa ajili ya kadi mbili, mpaka serikali ikaingia kati na COTU ikaundwa mwaka 1965. Atakayetuletea semina leo, awe wa upande wowote, tule chakula chake na tusome karatasi yake yote.

Limebaki moja, nalo ni la nyumbani. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kujenga reli moja kutoka Mombasa. Kisha kila mmoja akashika njia yake. Kenya ilikopa China. Tanzania ilianza yake mwaka 2017 na kampuni ya Waturuki, inakwenda kwa umeme, na mwaka 2024 abiria walifika Dodoma. Uganda ilingoja, na Oktoba 2024 ikatia saini na Waturuki hao hao. Bandari ya Mombasa na ya Dar es Salaam zinagombea mzigo wa Kampala na Kigali kama makuli wanaogombea sanduku la abiria. Wazee wetu walikuwa na reli moja, kutoka 1948, yenye fundi wa Tabora na fundi wa Nairobi wakitumia mabomba ya kipimo kimoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wakubwa waligombea injini, mabehewa, meli na ndege. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha mwaka 1984, kwa kupatanishwa na Mswisi, Victor Umbricht. Wazee wa pensheni waliendelea kuandamana Dar es Salaam zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Wengine walikufa na bahasha mkononi. Twataja hayo kwa sababu Jumuiya ya sasa, iliyorudi mwaka 2000, ina soko la pamoja tangu 2010 na yaruhusu mfanya kazi kuvuka mpaka, lakini dereva wa Malaba upande huu na dereva wa Malaba upande ule hawana mapatano yoyote ya pamoja juu ya saa za kazi. Mkopeshaji akitaka kazi rahisi, ataipata kwa yule aliyejishusha zaidi.

Kwa hiyo twaomba matawi yote, kuanzia Mombasa mpaka Malaba na Kisumu, yafanye mkutano juu ya mambo haya kabla ya mwisho wa Aprili, kwa kuwa mkutano wa Geneva huwa Juni na majina ya wajumbe hupelekwa mapema. Katibu wa tawi aandike kwa mkono ulio wazi: je, wanachama wanakubali dai la mjumbe mezani? Vifungu gani vya kazi mnataka viandikwe kwanza? Na nani katika tawi lenu anaweza kusoma mkataba wa kurasa 100 bila kulala? Huyo mwandikeni jina na namba yake ya kazi. Ndugu wa bandari na wa malori waalikwe, wapewe viti vya mbele. Nakala za ukurasa huu kwa ajili ya Kampala na Dar es Salaam zimekwisha kupigwa, na ziko ofisini zikingoja mtu wa zamu anayekwenda huko.